Vyungu vya Mwanaheri

Jani likilala, usimwage udongo. Leo mmelisikia neno hilo msibani, wakiambiwa ndugu wa yule mjane, mkatazamana kama watu waliotegewa kitendawili. Basi kaeni chini, maana vijana wa siku hizi hata hadithi mnataka kuisikiliza mkiwa mlangoni. Methali hii ilianza hivi.

Upande wa Muheza alikuwako mjane, Bi Mwantumu, aliyeishi na mkazamwana wake, Mwanaheri. Mwanaheri alipoolewa alikuja na vyungu vya magimbi ya urembo kutoka uani kwa mama yake. Hayo si magimbi ya kula. Hupandwa kwa ajili ya majani tu, mapana, mekundu katikati, yenye mishipa kama ya mkono wa mzee. Kila masika yalitanda barazani, wapita njia wakasimama kuyatazama. Mvua zikikatika na kipupwe kuingia, Mwanaheri aliyahamishia nyuma ya nyumba, na Bi Mwantumu hakuwahi kuuliza yalikokwenda. Nani ana nafasi ya kuuliza habari za majani?

Mwaka mmoja Mwanaheri alijifungua mtoto wa kiume, na mtoto hakufika arobaini. Baada ya maziko mama yake alinyamaza. Hakulia, hakugombana na mtu. Alijilaza tu akiuelekea ukuta, na akiletewa uji alionja kidogo akaurudisha. Mumewe, Shebughe, alikuwa kibarua kwenye mashamba ya mkonge. Alikuja, akakaa siku chache, akasema mambo haya anawaachia wazee, akarudi kazini. Wazee wenyewe ndio huyo mama yake.

Bi Mwantumu akabaki na kila kitu: kuni, shamba, kinu, mgonjwa asiyeonyesha panapouma, na vile vyungu. Majani yalipoanza kuinama alidhani yana kiu. Akayamwagilia asubuhi na jioni, kwa maji aliyoyapandisha kutoka mtoni kichwani, magoti yakimuuma. Kadiri alivyomwagilia ndivyo majani yalivyozidi kulala. Kwa Mwanaheri pia alifanya vivyo hivyo: amka, kula, twende harusini, wenzako wamefiwa wakainuka. Alichoka, jamani. Uko uchovu unaoamka nao asubuhi kama ulivyolala nao, na ndio uliomshika. Mwisho akaacha yote. Maji hakuteka tena kwa ajili ya vyungu, na kwa Mwanaheri hakuwa na neno lililobaki.

Ndipo akaja wifi yake, Bi Nuru, shangazi ya Shebughe, mwanamke asiyependa jambo likae. Alisema mke asiyeamka ni mzigo. Arudishwe kwao, na kijana atafutiwe mwingine. Bi Mwantumu hakubisha. Niwaambie kweli, moyoni aliona nafuu, kisha akaionea haya nafuu yake mwenyewe.

Kwa desturi yao, mwanamke akirudishwa huondoka na kila alichokuja nacho, ila udongo wa nyumba haubebwi. Vyungu vilikuwa vya Mwanaheri, udongo ulikuwa wa mavyaa wake, Bi Mwantumu. Kwa hiyo siku ya safari Bi Nuru alifunga mizigo, akaagiza vyungu vimwagwe. Bi Mwantumu akainamisha cha kwanza, ambacho maji yalikuwa yametuama ndani, likatoka tope na kiazi kilichooza, kinanuka. Akainua cha pili.

"Usimwage udongo, mama."

Mwanaheri alikuwa amesimama mlangoni, ameshika mwimo. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kukaa bila kutumika.

"Limekufa hili, mwanangu. Nimelimwagilia mpaka nimechoka."

"Hilo ulilolimwaga ndilo lililokufa, kwa maji. Haya mengine yamelala. Wakati huu hayataki maji. Yaache pakavu, yasibughudhiwe, mpaka mvua kubwa."

Bi Nuru akakumbusha kwamba jua linapanda na njia ni ndefu.  Bi Mwantumu aliingiza vidole kwenye udongo mkavu, akapapasa, akakutana na kiazi kidogo, kigumu, kizima. Akaketi pale pale chini, chungu mapajani.

"Na wewe je, mwanangu?"

Mwanaheri aliegemea mwimo. "Sijui, mama. Nimechoka tu."

"Hata mimi. Basi tuchoke pamoja. Wifi, fungua mizigo hiyo."

Bi Nuru aliondoka amenuna. Vyungu vikawekwa chini ya upenu, pakavu. Mwanaheri aliachwa alale. Uji uliwekwa karibu naye bila maneno, akinywa sawa, asiponywa sawa. Msidhani aliamka kesho yake. Kipupwe kilipita, kiangazi kikapita, watu wakamcheka Bi Mwantumu kwamba anafuga vyungu vitupu na mke wa kulala. Yeye mwenyewe, usiku mwingine, aliona wana haki ya kucheka.

Masika yalipoanza, alfajiri moja alisikia mtu akifagia uani. Alitoka polepole, magoti yale yale. Mwanaheri alikuwa amefika kwenye vyungu, na alikuwa akizungusha ufagio kwa uangalifu, asiguse ncha nyekundu iliyochomoza udongoni.

"Sasa ndiyo maji, mama," alisema. "Kidogo tu."

Bi Mwantumu akaenda kuchukua kata. Na tangu siku hiyo, kila aliposikia watu wanataka kumfungia mizigo aliyeelemewa, aliwaambia neno lile lile, kwa sauti ya mtu aliyechoka lakini anayejua asemalo: jani likilala, usimwage udongo.