Matairi ya Chui Kwenye Tope la Lushoto

Bwana Mbelwa, tajiri wa kuuza matairi pale Lushoto, alimvamia Shemboza, fundi pancha, kibandani kwake.

"Unawaambia watu matairi yangu ya chapa ya Chui hayafai kwenye tope! Twende tukapande kile kilima cha tope, gari kwa gari. Ukishindwa, unahama hapa. Ukishinda, chukua manne mapya."

Shemboza alikuwa na pikapu kuukuu yenye matairi manne ya kampuni nne tofauti.

"Sawa, bosi. Ila gari la mkubwa lipande na matairi yamelegea hivyo? Watu watacheka. Ngoja nikujazie upepo, bure."

"Jaza! Yawe magumu kama jiwe!"

Akajaza. Mbelwa akaondoka kwa mbwembwe, akafika katikati ya kilima, akaanza kuteleza kinyumenyume huku akipiga honi, mpaka akatua kwenye shamba la kabichi. Pikapu ikampita taratibu hadi kileleni, watu wakipiga vigelegele.

"Wewe umefunga matairi gani?" Mbelwa aliuliza, tope mpaka kwenye ndevu.

"Yaleyale makuukuu, bosi. Yako hayana kasoro, ndiyo maana nayataka. Ila kwenye tope tairi hulegezwa ndipo lishike. Wewe nilikujazia upepo, mimi wangu niliutoa."