Wifi Aliyekwenda Kusamehe

Wapendwa, leo nina neno linaloniwaka kifuani, mnivumilie nikipaza sauti!

Kule Rungwe, katika usharika wangu wa kwanza, alikuwapo mwanamke aitwaye Atupele. Habari hii ni yake na ya wifi yake Tusekile, mke wa kaka yake. Wenyewe wameniruhusu niisimulie.

Mama yake Atupele alipofariki, Atupele alikuwa akifanya kazi mjini Mbeya. Alifika asubuhi ya mazishi, akajitupa chini kwa kilio. Tusekile, ambaye ndiye aliyemuuguza yule mama miaka miwili, akamwambia watu wote wakisikia: "Leo ndiyo unamlilia? Alipokuwa hai ulikuwa wapi?"

Jamani! Mbele ya jeneza! Mbele ya mashangazi na majirani! Wewe uliyewahi kuambiwa neno la namna hiyo, si unajua linavyokaa?

Baadaye Atupele alirudi kuishi kijijini. Miaka sita hakumsalimia wifi yake. Akimwona njiani, anakata kona, anapita katikati ya michai mpaka sketi inalowa umande, ilimradi asiseme "hujambo." Na kila aliyekutana naye alimsimulia alivyoaibishwa msibani. Mimi mwenyewe nilisimuliwa mara tatu!

Jumamosi moja, tukijiandaa kwa Meza ya Bwana, akanijia.

"Mchungaji, nimechoka. Nikisali, nikifika pale pa kuwasamehe waliotukosea, naruka maneno."

Nikamwambia, "Nenda kwake leo."

"Leo? Na mvua hii?"

"Leo, mama!"

Akaenda! Alimkuta Tusekile barazani akichambua maharage. Tusekile alipomwona alishtuka, akasimama, maharage yote yakamwagika.

"Karibu, wifi. Karibu ukae."

"Sikai," akasema Atupele. "Nimekuja kukusamehe. Lile neno la msibani liliniumiza sana. Lakini nimekusamehe."

Tusekile akaangua kilio. "Nilikukosea, wifi. Lilikuwa neno baya. Kila siku nimetaka kuja kwako, miguu inakataa."

Haleluya! Si tungeishia hapo tukaimba? Hata Atupele alijiona mwepesi, alijiona mkubwa. Lakini akauliza swali moja: "Kwani ulilisema kwa nini?"

Tusekile akainama kuokota maharage. Atupele akamwambia, "Sema tu, wifi."

"Wiki ile ya mwisho nilikupigia simu. Nilikwambia mama anakuita, anataka kukuona. Ukanijibu, 'Acheni kunisumbua, huyo si kila siku anaumwa?' Wifi, spika ilikuwa wazi, simu nilikuwa nimemwekea mama sikioni."

Atupele akaketi, yeye aliyekuwa amekataa kukaa. Alikumbuka. Maneno yale aliyasema, na hakuwahi kumwambia mtu.

"Alisikia?"

"Alisikia. Akaniambia, 'Mwanangu amechoka tu, usimchukie.' Msibani hasira ilinishinda. Ila tulipotoka makaburini nilikusamehe."

"Na kaka anajua?"

"Hajui. Sijamwambia mtu yeyote."

Mnasikia, ndugu zangu? Miaka sita! Miaka sita Atupele anatangaza kijiji kizima kosa la wifi yake, na wifi yake amelifunika la Atupele! Mtu mmoja tu angeambiwa, Atupele angeweka wapi uso? Hakuambiwa hata mmoja!

Aliyekwenda kusamehe akapiga magoti. "Nisamehe, wifi. Nisamehe mimi." Tusekile naye akashuka chini, wakakumbatiana wakilia. Jumapili walikuja mezani wameshikana mikono, na mimi niliyeshika mkate nikawamegea wote wawili.

Na sisi je? Tunakumbuka tuliloambiwa, siku tuliyoambiwa, mpaka nguo aliyovaa aliyetuambia! Tuliyoyasema sisi, nani kati yetu anayakumbuka? Unamnunia mumeo. Humpelekei mama mkwe salamu. Umeacha kwaya kwa sababu ya mtu mmoja. Unangoja yeye aanze, kwa kuwa wewe ndiye uliyekosewa. Una hakika? Una hakika hakuna mahali mtu amefumba mdomo kwa ajili yako, akakuombea, wala hujui? Na Bwana wetu, anayeyajua yote tuliyoyatenda, ametutangaza kwa nani? Ametuita mezani!

Basi leo sitaki mngoje wimbo wa mwisho. Mwenye wifi, mwenye kaka, mwenye jirani aliyekaa benchi la nyuma mnakwepana macho, inuka! Inuka sasa hivi! Kama yumo humu, mfuate alipo. Kama yuko nyumbani, mlango ule pale, toka uende. Hakuna atakayekucheka. Mkate sitaumega mpaka mrudi, na mkirudi wawili wawili, tutaanza ibada upya!