Kakakuona Aliyemeza Ulimi Wake

Paukwa!
Pakawa!
Palikuwa na nani?
Palikuwa na mtoto!
Alisema nini?
Hakusema kitu!

Hakusema kitu, ndiyo hayo. Basi sogezeni vigoda, sukumeni kuni ndani, na mwenye usingizi akalale kwao. Hadithi hii naipenda, na anayeipigia miayo tutakosana.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakiamkiana kama sisi, aliishi Kakakuona na binti yake wa pekee, Mwanamvua. Mama alimpenda mwanawe kupita kiasi. Akienda kuchimba mchwa, mtoto yuko juu ya mkia. Akienda kutembea, mtoto yuko juu ya mkia. Akirudi kulala, mtoto yuko juu ya mkia.

Wakiwa wawili tu, Mwanamvua alikuwa mcheshi, mwenye maswali kama mvua ya masika. Lakini akipita mgeni, hata panya, alijikunja. Kichwa chini ya mkia, mkia juu ya kichwa, magamba nje, duara kama chungu. Ukimwuliza jina, hujibiwi.

Wakati ule maji yalikuwa ya chemchemi moja, na mlinzi wake alikuwa Mzee Nyati. Sheria yake ilikuwa hii: kila mtoto apande kwenye jiwe bapa mbele ya wanyama wote, amwamkie mzee, ajitaje jina kwa kinywa chake mwenyewe. Aliyejitaja alijulikana, na aliyejulikana alikunywa kiangazi chote. Asiyejitaja alipewa mikutano mitatu. Mitatu ikipita kimya, mama na mwana wafunge virago, wakatafute maji nchi nyingine.

Ukafika mkutano wa kwanza. Mtoto wa Digidigi akajitaja. Watoto wa Ngiri wakajitaja wote kwa pamoja, makelele matupu. Mwanamvua akawekwa juu ya jiwe. Kichwa chini ya mkia, mkia juu ya kichwa, duara kama chungu.

"Nani wewe?" akauliza Mzee Nyati.

Kabla mtoto hajapumua, mama akadakia. "Anaitwa Mwanamvua, mzee, anakuamkia, anasema shikamoo!"

"Nimemwuliza yeye," akasema Mzee Nyati. "Kinywa cha mama si kinywa cha mwana. Mlete mkutano ujao."

Mama akarudi nyumbani uso chini. Majirani nao, mnawajua majirani, wakaja na dawa zao.

Akaja Nyani. "Samaki mkunje angali mbichi," akasema, akamshika Mwanamvua mkia, akavuta. Alipovuta kidogo, mtoto akajikaza kidogo. Alipovuta sana, mtoto akajikaza sana. Nyani akaondoka vidole vimekatwa na magamba.

Akaja Fisi, akamcheka. "Huyu hapa ni bubu! Hiki hapa ni chungu! Tukupikie maharage?" Mtoto akajikaza zaidi.

Akaja Kasuku, akamfundisha. "Sema mimi ni Mwanamvua! Sema kwa sauti! Sema tena!" Alisema yeye mwenyewe mpaka akakauka koo, na mtoto akajikaza mpaka hewa ikawa haipiti.

Ukafika mkutano wa pili. "Nani wewe?" akauliza Mzee Nyati. Chungu kimya. Mama akajizuia, akajizuia, akashindwa. "Ni Mwanamvua, mzee, ni aibu tu, nyumbani anasema sana!"

"Umebaki mkutano mmoja," akasema Mzee Nyati, na safari hii sauti yake ilikuwa na huruma. Hapo mama akalia. Alizaliwa pale, na mama yake alizikwa pale.

Sasa kulikuwa na ajuza mmoja, Bibi Nungu, nungunungu wa miiba mirefu, aliyelea watoto wa nusu ya nchi ile. Akaja asubuhi bila kubisha sana. Hakumtazama mtoto. Alitoboa kichuguu kilichokuwa karibu, mchwa wakaanza kutoka, yeye akakaa kando akitafuna mzizi wake, krau, krau, huku akiimba:

*Sikuvuti, sikusukumi,*
*nakula zangu, nakaa zangu,*
*mlango ni wako, ufunguo unao.*

Siku hiyo likatokea jicho. Bibi Nungu akamaliza mzizi wake, akaenda zake.

Kesho yake akaja tena. Krau, krau. *Sikuvuti, sikusukumi.* Ikatokea pua, ikanusa mchwa. Bibi Nungu akaenda zake.

Siku ya tatu, krau, krau, *mlango ni wako, ufunguo unao*. Ukatokea ulimi, mrefu, mwembamba, ukaramba mchwa. Na nyuma ya ulimi ikatoka sauti.

"Shikamoo, bibi. Mbona miiba yako inagongana?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Hugongana nikiogopa."

"Kumbe bibi unaogopa?"

"Sana. Hata hapa nilikuwa naogopa usije ukanikataa."

Mwanamvua akafikiri, akasogea hatua moja, akaketi kando ya ile miiba. Mama alikuwa amejificha nyuma ya kichaka, na furaha ikamshinda. Akachomoka mbio. "Umeona! Anasema! Mwanangu, mwambie bibi unaitwa—"

Kichwa chini ya mkia, mkia juu ya kichwa. Duara.

Bibi Nungu akamvuta mama pembeni. "Mwanangu, sikiliza. Mtoto huyu si bubu, wala si mjinga. Anachungulia kwanza, anaingia baadaye. Ndivyo alivyo. Lakini kila anapofungua kinywa, anakuta ulimi wako umeshatangulia."

"Namsaidia, bibi!"

"Umemsaidia mpaka amekosa kazi."

Yalimchoma mama, lakini hakuwa mjinga. Akanyamaza.

Tangu hapo Bibi Nungu akawa anampeleka Mwanamvua kwenye jiwe bapa wakati hakuna mtu. Mtoto akalinusa, akalipanda, akalizoea. Kisha bibi akamwalika mtoto wa Digidigi, mmoja tu, naye mwenye haya vilevile. Wakakaa mbalimbali. Wakakaa karibu. Wakacheza. Baadaye wakaongezeka watoto wa Ngiri, na kelele zao zilipozidi, Mwanamvua alikwenda kujikunja kidogo, akapumzika, akarudi. Hakuna aliyemsema.

Haya, nyamazeni sasa. Ukafika mkutano wa tatu.

Wanyama walijaa mpaka vumbi likaficha jua. Mwanamvua akapanda jiwe kwa miguu yake, hakubebwa. Akageuka, akaona macho yote yale. Kichwa chini ya mkia, mkia juu ya kichwa, duara kama chungu.

"Aaa!" wakaguna wanyama. Fisi akacheka. Nyani akasema, "Wafunge virago!"

"Nani wewe?" akauliza Mzee Nyati.

Kimya.

Ulimi wa mama ukatoka. Ukafika nje na jina tayari juu yake. Kuung'ata hawezi, maana kakakuona hana meno. Akafanya jambo moja tu lililobaki. Akaumeza. Ukapita kooni, ukapita kifuani, ukajikunja huko karibu na tumbo. Machozi yanamtoka, hasemi. Anaiona nchi yake inaondoka, hasemi.

Palepale, katikati ya kimya, ikasikika: krau, krau. Bibi Nungu anatafuna mzizi wake, anatazama pembeni.

Likatokea jicho.

Ikatokea pua.

Mwanamvua akasimama. Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi nchi nzima ibane pumzi ili imsikie.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Naitwa Mwanamvua. Mama yangu ni Kakakuona. Na bibi yangu ni yule mwenye miiba, naye pia huogopa."

Loo! Jiwe likatikisika kwa shangwe! Mzee Nyati akainamisha pembe zake, heshima ambayo hata watoto wa Simba hawakupewa. "Kunywa, Mwanamvua," akasema. "Wewe tunakujua."

Na mama? Magamba yalimsimama yote kwa fahari, yanameta. Alitaka kupiga vigelegele, ulimi uko tumboni. Ikabidi Bibi Nungu ampigie, na vigelegele vya nungunungu, jamani, ni afadhali msivisikie.

Mpaka leo, kakakuona ana ulimi mrefu sana, nao umejikunja ndani ya mwili wake. Watu husema ni wa kulia mchwa. Mimi nasema ni nishani ya mama aliyenyamaza ili mwanawe aseme, na ningekuwa nao mimi ningeuonyesha kwa kila mpita njia.

Mafunzo yake ni haya: mtoto mwenye haya hafunguliwi kwa kuvutwa, wala kwa kuchekwa, wala kwa kusemewa. Kaa karibu, mpe muda, naye atafungua mwenyewe.

Hadithi yangu imefika chemchemini, imekunywa, imelala. Atakayeiamsha aipe maji tena.

Na wewe uliyejificha nyuma ya kanga ya mama yako tangu jioni, mimi sikuulizi jina. Nimeweka muhogo wa kuchoma hapa kando yangu, nami natazama kule.