Wimbo wa Geti

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, kompyuta zikiwa zimeshafika Upareni na umeme ukija unapojisikia, halmashauri moja ilijenga geti. Ukuta ulikuwa bado kwenye mchakato. Lakini geti likishakuwepo lazima lifunguliwe, na likifunguliwa lazima liimbiwe.

Afisa Utamaduni akatangaza: "Leteni wimbo, kwaya ya mtaa itauimba. Ukipendeza, mtunzi nampeleka chuo cha muziki, asome bure!"

Kwenye kwaya hiyo walikuwemo marafiki watatu, na wote watatu tangu utotoni walikiota chuo hicho. Nakiete alikuwa na tuni kichwani, lakini kompyuta aliiogopa kama mbwa wa jirani. Kaanaeli alikuwa na kompyuta, hakuwa na tuni. Mbonea hakuwa na tuni wala kompyuta. Alikuwa na ubishi.

"Tutafute programu ya kutungia muziki," alisema Kaanaeli. "Ya bure, na ya watu wasiojua kitu."

"Ya watu kama sisi," Mbonea akasema.

"Kama wewe."

Kaanaeli akatafuta. Akapakua moja: ya bure, ila kuhifadhi wimbo ni kwa malipo. Akafuta. Akapakua nyingine: ya bure, ila vitufe vimejaa kama chumba cha rubani. Akafuta. Akapakua nyingine: ikaomba namba ya kadi ya benki, eti kwa utambulisho tu. "Hata halmashauri haijafika huko!" Akafuta. Mwishowe akaipata: ya bure kweli, mistari mitano ya kuandikia noti, kinanda cha kubofya, na maelezo yanayomsemesha mgeni bila dharau. Akapiga kelele hadi kuku wakatawanyika.

Nakiete akaimba, Kaanaeli akabofya. Tatizo, watu wa kwaya wamelelewa na solfa, ile ya do-re-mi, na do ya solfa haina makazi; inakaa popote mwalimu atakapoianzishia siku hiyo. Programu ilitaka anwani. Wakaiweka do chini mno. Walipoucheza wimbo, besi ikanguruma kama trekta kwenye matope, na sauti ya kwanza ikawa ya mwanamume mwenye mafua.

"Tuni yangu imeuawa!" Nakiete akalia.

"Haijafa, dada, imetumbukia." Mbonea akamsogeza Kaanaeli kando. Akabishana na programu, akafungua hiki, akafunga kile, mpaka akajua jinsi ya kuzipandisha sauti zote. Ila kwenye kiitikio mkono ukamponyoka, sauti ya pili ikapaa juu ya wenzake. Akabofya.

"Mungu wangu, inaimba!" Kaanaeli akaruka. "Inaimba yenyewe!"

"Hapo kwenye kiitikio nimekosea, ngoja nirudishe."

"Ukigusa nakuvunja mkono!" Nakiete akamdaka. "Iache hapohapo."

Siku ya geti kwaya ikaimba. Kiitikio kilipofika, sauti ya pili ikapaa, na watu wakapaa nayo. Mgeni rasmi akacheza na mkasi mkononi. Watu wakapita getini wakicheza, wakazunguka pasipo na ukuta, wakapita tena.

"Mtunzi aje!" akaita Afisa, akihema.

Wakaja watatu.

"Vijana, kiti cha chuo ni kimoja. Serikali haina utaratibu wa mtunzi mwenye vichwa vitatu."

"Tuni ni yangu, Mheshimiwa," akasema Nakiete. "Bila mimi wangebofya kimya. Na hicho kiitikio, Mbonea alitaka kukifuta. Mimi ndiye niliyesikia kuwa ni kizuri."

"Ulikisikia, ila hukukitunga," akasema Mbonea. "Watu waliruka wapi? Kwenye kiitikio. Mkono wa nani? Wangu. Na bila mimi wimbo ungekuwa matopeni mpaka leo."

"Na mngekosea kwenye nini?" akasema Kaanaeli. "Kwenye sufuria? Mimi niliipata programu, nikabofya kila noti. Nyinyi mmekuta meza imeandaliwa, sasa mnagombania kijiko."

Afisa akatazama saa, akafungua mlango wa gari.

"Jina moja. Nikiondoka bila jina, nafasi inarudi ofisini, na ikirudi ofisini mnajua haitoki tena."

Dereva ameshawasha gari. Watatu wametazamana, hakuna anayesogea nyuma. Haya, nyinyi mliocheza: je, nani alistahili kiti kile?