Kwa Nini Mvua Haagi Kiangazi Kinapoingia

Zamani hizo, wanangu, pwani yetu hii ya kaskazini haikuwa kigeugeu. Pepo za kusi zikikoma, Mvua alifunga furushi lake alfajiri akaondoka. Kabla ya adhuhuri Jua alikuwa ameshawasili kushika zamu, na hakuna wingu lililothubutu kutia mguu mpaka mwaka ugeuke. Wawili hao hawakuwahi kuonana uso kwa uso. Mtu aliweza kupanga siku ya harusi ya mwanawe mwaka mzima kabla, na asitazame juu hata mara moja. Mnaguna? Guneni, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Wakati huo, katika mji wa Kidokoni, aliishi msuka mikeka aitwaye Bi Mwanatumu. Kucha zake hazikukosa rangi ya ukindu, na adabu alikuwa nayo mpaka ikazidi. Nanyi mnaijua adabu yetu. Ukila barazani akapita mtu, hata kama sahani imebaki punje, sharti umwambie karibu. Naye mpita njia, hata kama njaa inamkata, sharti ajibu starehe na ashike njia yake. Karibu ile ni salamu, si chakula. Kila mtu analijua hilo.

Kila mtu isipokuwa Mvua.

Mwaka huo Bi Mwanatumu alikuwa akimwoza bintiye, Shufaa, mwanzoni kabisa mwa kiangazi. Mama wa bwana harusi, Bi Khola, alikuwa mwanamke wa miko. Alikwisha kutamka mbele za watu kwamba harusi kunyeshewa ni nuksi. Likianguka tone moja, atamchukua mwanawe warudi kwao, na mambo yasubiri mwaka mwingine. Shufaa alimpenda kijana yule hata akawa anasahau chungu motoni. Mama yake hakuwa na wasiwasi. Kiangazi ni kiangazi, alisema.

Basi asubuhi ya kuondoka, Mvua akapita kichochoroni na furushi lake kichwani. Bi Mwanatumu alikuwa barazani, anakula mkate wa mofa na mchuzi wa samaki, akatamka karibu bila hata kuinua macho. Mvua akasimama. Maskini, maisha yake yote alikuwa hajaambiwa neno hilo. Kila afikapo, watu hufunga madirisha, huanua nguo, hukinga mabeseni panapovuja. Leo anakaribishwa! Akatua furushi, akanawa mikono, akala mpaka akafuta sahani kwa kidole. Bi Mwanatumu alibaki na tonge hewani. Kabla ya adhuhuri Jua alipobisha hodi, alikuta zamu yake ina mtu.

Kumfukuza mgeni ni aibu isiyofutika, kwa hiyo Bi Mwanatumu akatumia mbinu. Aliegemeza ufagio kichwa chini nyuma ya mlango, ile dawa ya kumwondoa mgeni asiyeaga, Mvua akauchukua akafagia ua. Akamfungia chakula cha njiani, Mvua akakila palepale na kushukuru. Mwishowe akawakumbuka wahenga: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Akampa jembe. Lo! Mvua akalipokea kwa mikono miwili, akaingia nalo kondeni, na kunde zilizokuwa zimenyauka zikachipua zote. Jua naye, asije akaitwa mvivu, akawa anatoka kumpokea jembe kila mwenzake alipochoka.

Ikawa ni kuanika na kuanua. Bi Mwanatumu aliutoa nje ukindu wa mkeka wa bibi harusi, akaukimbiza ndani, akautoa tena, mpaka majirani wakamcheka. Yeye hakucheka. Alijificha jikoni akalia, maana alijua kwamba ni mdomo wake mwenyewe unaomvunjia mwanawe ndoa.

Siku ya harusi ikapambazuka kweupe. Wageni wakaketi uani, pilau ikaiva, shehe akafika. Ndipo Mvua, aliyejipamba kuliko wote, akaingia kwa shangwe. Bi Khola akainuka. Akajifunga leso yake vizuri, akamwita mwanawe. Nyuma ya pazia, Shufaa aliziba mdomo kwa mkono asisikike analia.

Hapo Bi Mwanatumu akafanya jambo ambalo adabu yake haikuwahi kumruhusu. Alisema kweli mbele ya wageni.

"Mwenzangu," alimwambia Mvua, "siku ile nilikukaribisha kwa mdomo tu, moyo wangu haukuwamo. Nisamehe. Nenda, mwanangu aolewe."

Mvua hakukasirika, ila alihuzunika. Akaomba kitu kimoja tu, aache zawadi yake kwanza, kwani ni aibu mtu kutoka harusini hajatunza. Kando ya ukuta ilipangwa mitungi mitupu. Akaijaza mmoja baada ya mwingine, polepole, kisha akalichukua furushi lake akaelekea mlangoni.

Sasa jueni kwamba visima vya Kidokoni vilikuwa vya maji ya chumvi. Harusi zote zilifanywa kiangazi, na chai ya harusi ilikuwa chungu ya chumvi tangu enzi za mababu. Watu walikunywa wakakunja uso, wakasifu. Siku hiyo wapishi waliteka mitungini. Na kwa vile mkwe haondoki bila kunywa chai, hata akiwa na hasira, Bi Khola alipewa kikombe cha kwanza. Akakipokea amesimama.

Akanywa. Akakitazama kikombe. Akanywa tena, halafu akakaa kitako.

"Haina chumvi," alisema. Kisha akamgeukia Bi Mwanatumu. "Mgeni wako yule, mwambie asiende mbali."

Bi Mwanatumu akakimbia mlangoni peku, na safari hii alimwambia Mvua karibu kwa moyo wake wote. Ndoa ikafungwa Mvua akiwa upande mmoja na Jua upande mwingine, na vigelegele vikasikika hadi ng'ambo.

Na tangu siku hiyo, kiangazi kinapoingia huku kwetu, Mvua haondoki moja kwa moja. Hupitapita kuangalia kama kuna harusi. Asubuhi jua kali, adhuhuri manyunyu, alasiri jua tena. Hata watabiri wa redioni wakifika kwenye pwani ya kaskazini hushusha sauti wakasema "huenda". Sisi tunaanika, tunaanua, tunatoa mitungi nje. Na tone la kwanza likidondoka uani, mwenye nyumba hutazama juu akasema karibu.

Mvua, mpaka leo, hajajifunza kujibu starehe.