Hodi za Mize

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa mlango.
Na aliye nje?
Anangoja aitwe.
Basi tusimngojeshe.

Hapo zamani alikuwako fundi wa kuchonga milango, jina lake Makame, na mkewe Mize. Mfalme wa nchi ya nyuma ya milima akamwita Makame amchongee mlango wa jumba lake. Wakafunga mizigo. Wakaenda, wakaenda, wakaenda, hata wakafika. Wakapewa nyumba kijijini. Makame akashika njia ya mjini kwa mfalme, akamwacha Mize na mimba yake kubwa. Alimwahidi kurudi kabla hajajifungua. Wanaume na ahadi, mnawajua wenyewe.

Lugha ya pale Mize alikwisha kuijua, mumewe kamfundisha njiani. Lakini lugha ni kitu kimoja, desturi ni kitu kingine. Na Mize alikuwa binti wa watu, kalelewa akaleleka. Nyumba ya mtu huingii bila hodi. Unasimama mlango wa mbele, unapiga hodi tatu. Usipojibiwa, unarudi ulikotoka.

Siku ya kwanza moto ukamzimikia. Akaenda kwa jirani, mama mmoja wa makamo aitwaye Nateo, akaombe kaa la moto. Hodi! Kimya. Hodi! Dirisha likafungwa. Hodi! Ndani mtu akaanza kulia. Mize akarudi kwake, akatafuna muhogo mbichi.

Siku ya pili akahangaika na vijiti hata moto ukawaka. Akapika vitumbua, akavifunika kawa, akavipeleka kwa Nateo. Hodi! Hodi! Hodi! Dirisha likafungwa, kilio kikapanda. Vitumbua akavila peke yake na machozi yanamtoka. Akajiambia, "Wananichukia. Nitazaa peke yangu, na peke yangu nitakufa."

Sasa ninyi nitawaambia, ila msimwambie Mize. Katika nchi ile, mlango wa mbele ni wa maiti. Anayeita hapo analeta habari ya msiba. Mtu wa heri hupita uani, kimya, mpaka jikoni. Na Nateo alikuwa na wana watatu safarini. Kila akisikia hodi, moyo ulimpasuka: ni yupi huyu aliyekufa? Hakuthubutu kufungua asije akalisikia jina. Majirani nao wakawa wanamkwepa Mize, mgeni mwenye msiba mdomoni. Kuuliza si ujinga, ndiyo, lakini utamuuliza nani na kila dirisha limefungwa?

Siku ya tatu uchungu ukamshika.

Akajikokota hadi mlango wa mbele kwa Nateo. Hodi ya kwanza ikatoka. Ya pili ikakatika njiani. Ya tatu haikuja. Kwao walimfunza kwamba mwacha mila ni mtumwa, lakini uchungu wa mtoto haujui mila. Akazunguka nyumba huku ameshika ukuta. Akaona mlango wa uani uko wazi, akaingia kama mwizi, akaanguka karibu na mafiga.

"Nisamehe, mama," akasema. "Nimeingia bila hodi."

Nateo akamshika mabega. "Niambie upesi. Ni yupi katika wanangu?"

"Wanao mimi siwajui, mama."

"Hakufa mtu?"

"Hakufa mtu. Siku ile nilitaka kaa la moto. Jana nilikuletea vitumbua."

"Na leo?"

"Leo nazaa."

Nateo akakaa kitako sakafuni. Akacheka, akalia, akacheka tena. Siku zote zile alikuwa akiwalilia watoto wazima! Kisha akainuka, akatoka uani, akawaita wenzake. Wanawake wakaingia, huyu na maji, huyu na kanga, huyu na uji wa moto, wala hakuna aliyepiga hodi. Mize akawatazama, woga wote ukamtoka. Na mtoto naye, wenzangu, akaingia duniani bila hodi. Wa kike.

Baada ya siku chache Makame akarudi, ahadi imeshachacha. Akasimama mbele ya nyumba yake kama alivyolelewa.

Hodi!

Jikoni mwanamke mmoja akafunga dirisha.

Hodi!

Nateo akashika kifua.

Hodi!

Mize, na mtoto yuko titini, akacheka mpaka mtoto akaachia ziwa. Akawaambia, "Tulieni, mama zangu, hakufa mtu. Ni baba yake huyu. Bado mgeni." Kisha akapaza sauti:

"Makame, pita uani!"

Na Makame, fundi wa milango, akazunguka nyumba.

Hadithi yangu nayo imepita uani, imekwenda zake. Ikiwa tamu, igaweni kwa majirani. Ikiwa chachu, nirudishieni mwenyewe, lakini msije mlango wa mbele.