Kiti cha Mama Nakiete

"Pambo likipigiliwa, mtu hushuka."

Bibi Namsifu alisema hivyo bila kuinua macho kwenye ungo wa maharage. Mjukuu wake Nakundwa alikuwa akimweleza mipango ya harusi: jukwaa la maua, taa za rangi, meza ya keki yenye ngazi zake. Kwa kuwa ukumbi ungebaki mdogo baada ya hayo yote, mashangazi wa kule milimani wangeangalia picha kwenye simu. Nakundwa akasita. Kaka yake Mndeme, aliyekuwa akichambua maharage pamoja nao, akauliza msemo huo umetoka wapi, maana hajawahi kuusikia.

"Umetoka hapa hapa bwawani," Bibi akajibu. "Una mwenyewe, na mwanzo wake ni huu ninaowapa. Ila mikono isilale, mawe hayajitoi yenyewe."

Katika kijiji kimoja cha wavuvi, kando ya bwawa la Nyumba ya Mungu, aliishi mtu aliyeitwa Eliapenda. Alikuwa mvuvi wa perege na mtu wa mikono mizuri, yule asiyeweza kuona mlango umelegea akapita bila kutafuta nyundo. Aliishi na mama yake, Nakiete. Mama huyo alikuwa na dada mmoja tu duniani, Naetwe, aliyeolewa ng'ambo ya bwawa. Kwa macho, ng'ambo ni karibu. Asubuhi ya hewa safi unaona hata moshi wa majiko yao. Kwa barabara, ni kulizunguka bwawa lote, siku nzima ya mashimo na vumbi, na magoti ya Nakiete yalishazikataa safari hizo. Mitumbwi nayo aliiogopa tangu mumewe alipozama. Basi dada wawili wakawa wanatumiana salamu kwa midomo ya wavuvi, mwaka baada ya mwaka.

Ikatokea kwamba mtafiti mmoja wa ndege alimaliza kazi yake bwawani, akamwachia Eliapenda boti yake ndogo nyeupe ya aluminiamu. Ilikuwa nyepesi, watu wawili waliweza kuibeba. Mabenchi yake yalijazwa povu gumu ndani, ili hata maji yakiingia, isizame. Ubavuni palibandikwa kibao kilichotaja uzito wa mwisho: watu wanne, pamoja na injini na mizigo yote. Nakiete akaizunguka, akaigonga kwa kidole, akacheka kama msichana.

"Hii nitaipanda," akasema. "Nipeleke kwa dada yangu."

"Nitakupeleka, mama. Ngoja kwanza niitengeneze. Huwezi kukaa juu ya bati."

"Nimekalia mawe maisha yangu yote, mwanangu, sijaharibika."

Lakini Eliapenda alikuwa ameshakwenda kutafuta mbao. Alimpenda mama yake, tusimwonee. Alitaka avuke kwa heshima, watu wa ng'ambo waone Nakiete ana mtoto.

Akaanza na sakafu ya mninga, mama asiteleze. Juu ya sakafu akatandika zulia. Akaona jua litamchoma, akasimamisha mabomba ya chuma na kuweka paa la turubai. Kisha kikaja kiti. Alikipata kwenye basi bovu, kiti cha kuegemea, kipana, na ili kienee akalikata benchi la kati na kulitupa pamoja na povu lake. Boti ikawa nzito, injini ndogo ikawa inakoroma bila kwenda, akatafuta kubwa. Injini kubwa ikataka betri, na ikataka petroli nyingi zaidi. Kila kitu akakipigilia kwa riveti, maana alijua chombo hutikisika. Ubao wa kuegemezea mkono ulipoangukia juu ya kile kibao cha uzito, akaupigilia hapo hapo.

Vijana wa mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapoegeshwa, wakaiita boti ile Sebule. Na kweli ilikuwa sebule, maana kuvulia aliendelea kuvulia mtumbwi wake wa zamani, asije akachafua zulia! Mwenzake Mrutu alimwuliza siku moja mbona boti inakaa chini sana majini hata ikiwa tupu.

"Kibao kilisema watu wanne," Eliapenda akamjibu. "Mimi na mama ni wangapi? Wawili. Nafasi imebaki."

Alihesabu watu, basi. Sakafu hakuihesabu, wala mabomba, wala kiti. Kila alichoongeza alikiita chepesi, na kimoja kimoja vilikuwa vyepesi kweli.

Huku nyuma Naetwe alikuwa akituma maneno. "Mwambieni Nakiete perege wa huku wamenona." "Mwambieni nimemwekea kitenge." Mama angemtazama mwanawe, naye mwana angesema bado paa, bado kiti, bado injini. Mwishowe Nakiete akaacha kuuliza. Eliapenda alipenda kuamini kwamba mama ametulia.

Asubuhi moja simu ikalia. Naetwe alikuwa ameanguka tangu jana yake, hazungumzi mengi, anamwita dada yake tu.

Nakiete hakulia. Alivaa kitenge chake cha kanisani, akafunga kifurushi, akatangulia mwaloni kwa magoti yale yale. Eliapenda alimwinua, akamketisha kwenye kiti. Kiti kilikuwa juu, na boti ikalala upande kidogo. Naye akaingia, akawasha injini. Nyuma ya boti ikadidimia, ukingo ukabaki kidole kimoja tu juu ya maji. Hawajafika mbali, wimbi dogo, la kuchezea watoto, likapanda na kumwagika kwenye zulia. Likafuata la pili.

Akageuza haraka, akarudi ufukweni. Akatupa nje nanga na kamba yake, akapunguza petroli. Mama mwenyewe akakitoa kifurushi chake. Boti ikainuka kidogo, lakini walipojaribu tena maji yakaingia tena. Ule mtumbwi wa zamani Mrutu alikuwa ameuazima, yuko nao katikati ya bwawa, na mitumbwi mingine yote ilikuwa imetoka kuvua. Eliapenda akachukua patasi na nyundo, akaanza kuzikata riveti za kiti. Alizipigilia vizuri mno. Jasho likamtoka, na hata ya kwanza ilikuwa haijatoka sawasawa wakati maji yalipoanza kukunjamana kwa upepo.

"Eliapenda, acha," mama akasema. "Upepo umekuja."

"Mama, kidogo tu. Nikitoa kiti, nikitoa na yale mabomba..."

"Mwanangu, kila kitu humu umekipigilia. Ambaye hukumpigilia ni mimi peke yangu. Nishike mkono, nishuke."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira, ingekuwa nafuu kwa Eliapenda. Alimshika mkono, akamshusha.

Walipakiana na mwenye pikipiki, wakalizunguka bwawa. Kila walipopumzika ili mama anyooshe magoti, maji yalionekana pale kando, yanang'aa, na ng'ambo iko karibu. Walifika jioni. Naetwe alikuwa amefariki mchana. Binti yake aliwaeleza kwamba aliomba kitanda kitolewe barazani, kielekezwe bwawani, kwa kuwa aliambiwa dada yake anakuja na boti nyeupe.

"Alikuwa akituuliza kila mara," binti akasema, "kama tunasikia injini."

Nakiete aliingia ndani, akakaa na dada yake. Eliapenda alibaki nje, na majuto yakamkaa kifuani, asijue pa kuyaweka.

Baada ya maziko alirudi mwaloni na patasi. Hakumruhusu mtu kumsaidia. Akatoa kiti, akatoa paa, zulia na sakafu, akaiondoa injini kubwa. Akaziba matundu, akarudisha benchi la kati likiwa na povu lake. Kile kibao kikaonekana tena, akakisugua mpaka kikang'aa. Boti ikaelea juu ya maji kama siku ile ilipoletwa. Ndipo akaenda jikoni kwa mama yake.

"Mama, boti iko tayari."

Nakiete akatoka, akashuka naye mwaloni, akaigonga boti kwa kidole.

"Ni nzuri, mwanangu," akasema. "Sasa unipeleke kwa nani?"

Tangu hapo, mtu akionekana mwaloni anapamba chombo chake, Eliapenda alikwenda kusimama karibu naye na kumwambia maneno yale niliyoanza nayo. Hakueleza zaidi, na hakuna aliyethubutu kumwomba aeleze.

Bibi Namsifu akapepeta ungo, makapi yakaruka. Nakundwa alikuwa ameacha kuchambua.

"Jukwaa bado hatujaliagiza," akasema polepole.

"Mimi nimezungumzia jukwaa? Nimesimulia habari za boti."

Mndeme akacheka. Nakundwa hakucheka. Alijifuta mikono, akachukua simu, akatoka nayo uani, nao wakamsikia akisema, "Shikamoo, shangazi. Hapana, picha siyo. Nataka uje mwenyewe."

Bibi akaurudia ungo wake.

"Haya," akamwambia Mndeme, "na wewe niambie, nisikie kama imeingia."

"Pambo likipigiliwa," Mndeme akasema, "mtu hushuka."